Nimeshiba, Sina Neno

Kaloleni, Arusha
Jumapili, 7 Oktoba 1951

Paskalina mpenzi,

Chumba chetu kina dirisha moja tu, na dirisha hilo linautazama mlima wetu wote. Wote, nakwambia! Bariki anasema alikipanga chumba hiki kwa ajili ya dirisha, nisije nikaona huzuni ya nyumbani. Umewahi kumsikia mwanamume wa namna hiyo? Asubuhi akienda bomani nasimama pale mpaka kofia yake ipotee nyuma ya duka la Mhindi, kisha nakaa kitandani nacheka peke yangu kama mwehu. Nilidhani mapenzi ya vitabuni ni chumvi ya watunzi. Sasa naona waliyapunguza.

Lakini kuna jambo linanichefua, na wewe peke yako utalielewa.

Unaukumbuka mchezo wetu wa shuleni, ule wa kale wa Kiingereza, wa Malkia Orsila? Mimi malkia, nimejitanda pazia la bwenini. Wewe mdogo wangu wa kiume, unayeuawa na mume wangu mfalme na kupikwa. Naletewa sahani, nala bila kujua ni nyama ya nani, nafuta midomo kwa kitambaa, namwambia mume wangu kwa sauti tamu, "Nimeshiba, bwana wangu. Sina neno." Halafu katika sehemu ya mwisho kichwa chako kinaletwa ndani ya kapu. Kilikuwa kibuyu kilichopakwa masizi, na bado wale wasichana wadogo walilia.

Sasa sikia. Wavulana wa shule nyingine walioalikwa hawakuiona sehemu ya mwisho. Dereva wa lori lao alikataa kuvuka mto giza likiingia, wakaondolewa mara tu nilipofuta midomo. Na ndani ya lori hilo alikuwamo Bariki wangu! Mpaka leo anaamini kwamba mchezo ule unamhusu mke mwema anayekipenda chakula cha mumewe. Anasema sauti yangu ikisema "sina neno" ilimfuata njia nzima mpaka akaapa atanioa.

Kama angeishia hapo, ningefurahi. Lakini alimpa maneno yale jirani yetu Shomari, fundi cherehani anayepiga kodiani kwenye dansi, naye Shomari ameyatia katika rumba:

Wakiniuliza nataka nini tena,
nimeshiba, sina neno.

Paska, mji mzima umeambukizwa! Kinyozi anasema hivyo akimaliza kichwa cha mtu. Timu ikishinda, uwanja mzima unaimba. Jana mlevi mmoja aliniimbia mlangoni, akafika kwenye "nimeshiba", akatapika palepale kizingitini. Niliosha kizingiti huku naona lile kapu. Na Bariki kila akimaliza kula anafuta midomo kama nilivyofuta mimi, ananitazama kwa macho yake yale, anasema, "Nimeshiba, bibi yangu. Sina neno." Nainuka haraka kukusanya sahani. Halafu ananishika mkono, nami nasahau sahani.

Sitamwambia. Maneno hayo ndiyo yaliyomleta kwangu, acha yabaki matamu. Nimeyatarizi hata kwenye kitambaa cha meza, kwa uzi mwekundu. Herufi alizichora yeye.

Wako daima,
Ndeshi (Bibi Bariki!)


Ngarenanyuki
16 Oktoba 1951

Malkia wangu Orsila,

Barua yako nimeisoma mbele ya darasa tupu, nikacheka mpaka mbuzi wa mchungaji akachungulia dirishani. Kwa hiyo mimi ndiye nyama, na mji wa Arusha unanicheza rumba! Mwambie mumeo nataka haki yangu. Mwambie pia kwamba nilikuwa mgumu kutafunika. Ndivyo alivyosema mwalimu aliyetufundisha mchezo.

Ila kusema kweli, shoga yangu, kitambaa hicho kimenitia kinyaa. Kutarizi! Tena kwa uzi mwekundu! Hukuona hata rangi nyingine dukani? Mtu akicheza wimbo asiojua ulikotoka, hana kosa. Wewe unajua, nawe unakula juu yake.

Huku hakuna anayecheza. Wanasema serikali inataka ardhi hii yote wapewe wazungu wenye ng'ombe wa maziwa, na sisi tuhamishiwe Kingori, kule kwenye joto na mbung'o. Wazee wamekataa kuondoka. Kaka yako Eliasi alipita shuleni jana na yule fahali wake mwekundu, Saa Sita. Bado ana tabia ileile, jua likifika kichwani anajilaza kwenye mtaro, halimi tena hata umchape. Eliasi anamsemesha kama mtoto wa kudeka: "Haya bwana mkubwa, ofisi yako imefungwa?" Anakusalimu. Anauliza kama shemeji yake, kwa vile ni karani mkalimani na anakaa mlango kwa mlango na mabwana wa bomani, amesikia lolote. Hata neno moja tu. Wana watoto, na mahindi bado hayajafika magotini.

Muulize, tafadhali.

Nyama yako,
Paskalina


Kaloleni
28 Oktoba 1951

Nyama yangu mpenzi,

Umenigombeza kama mkwe! Kitambaa ni kizuri, na mama mkwe amekisifu. Alisema, "Huyu msichana amesoma, lakini mikono yake haikusahauliwa." Nilitaka kumbusu.

Nilimwuliza Bariki. Nilingoja ashibe, nikamwuliza kwa upole kabisa, "Baba, huko Ngarenanyuki kuna nini?" Akasema mambo ya kazi hayapandi mezani. Nikamwambia kaka yangu yuko huko. Akakunja kitambaa, akakikunjua, akasema watu wanapenda kutiana hofu. Kisha akaniimbia. Kwa hiyo mwambie Eliasi asiwe na wasiwasi. Kama kungekuwa na jambo, Bariki angeniambia. Hatufichani kitu. Tunasimuliana hata ndoto zetu asubuhi!

Nimeudhika sana na wimbo, zaidi ya mwanzo. Jumamosi Bariki alinipeleka dansini, mimi na gauni langu la harusi lililokatwa mikono. Walipofika kwenye maneno yale, wanaume walijipapasa matumbo na kucheua kwa makusudi, mmoja baada ya mwingine, na wanawake wakacheka. Kucheua, Paska! Sala yangu ya mapenzi! Harufu ya jasho na pombe na vitunguu, na katikati yake sauti yangu mwenyewe ya miaka ile, imechezewa na kila mtu kama sarafu iliyoshikwa mno. Nilimwambia Bariki turudi. Akanibeba kwenye baiskeli, nikalaza shavu mgongoni mwake, chuki yote ikaniisha.

Mwezi ujao atakwenda safari ya kikazi na mabwana. Hajasema ni wapi. Nitakufa kwa upweke, lakini nitajitahidi kufa taratibu ili anikute.

Wako mwenye furaha kupita kiasi,
Ndeshi


Kingori, nyumba ya kanisa
21 Novemba 1951

Ndeshi,

Barua hii naiandika juu ya goti. Shule yangu haipo. Tumehamishwa kwa malori, na nyumba zetu zimechomwa moto tukiziona. Eliasi na mkewe na watoto wako hapa, ni wazima. Hilo ulijue kwanza.

La pili sijui niliandike vipi. Nimelizungusha tangu juzi. Nitaliandika wazi.

Waliposimama mabwana kusoma amri, alisimama pamoja nao mkalimani, akaifasiri kwa Kimeru safi, neno kwa neno, kwa sauti nzuri inayofika mbali. Unaijua sauti hiyo kuliko mimi. Wazee walifurahi kwanza kumwona mtoto wa nyumbani, mmoja akasema kwa nguvu, "Huyu atatusemea." Eliasi alikuwa mbele. Alimwita, "Shemeji!" Bariki aligeuza karatasi, akaendelea kusoma.

Njiani wale waliokuwa na ng'ombe walitembea nao, na malori yetu na ya mabwana yakawafuata polepole nyuma. Mtoni, Saa Sita aliteleza kwenye mawe akavunjika mguu wa mbele. Akajikokota kwa miguu mitatu mpaka ukingoni, akalala kama alivyozoea, ila saa sita ilikuwa haijafika. Eliasi alikaa kando yake. Hakumsemesha. Watu wa msafara wakasema wamchinje asiharibike, wakamchinja, wakagawana pale barabarani. Eliasi walimpa ngozi. Nilimwona mumeo akikabidhiwa mguu wa nyuma uliofungwa kwa majani ya migomba. Aliupokea kwa mikono miwili. Eliasi alikuwa hatua chache tu kutoka pale, naye Bariki alimwona. Nilimwona akimwona.

Sijui ataufanyia nini mguu huo. Ndeshi, ukiletewa, usile.

Nampa barua hii mtu anayekwenda Usa, njia ya Arusha. Mungu amfikishe upesi.

Paskalina


Kaloleni
Jumapili, 25 Novemba 1951

Paska, mbona kimya?

Sokoni watu wananong'ona kuhusu Ngarenanyuki, na nikikaribia wananyamaza, kana kwamba mimi ni mke wa nani! Niandikie mstari mmoja tu kwamba mko salama. Bariki anasema Eliasi alimwona kwa mbali na ni mzima. Kwa hiyo alikuwa huko! Nilimkasirikia kwa kutoniambia, lakini amerudi amekonda, macho mekundu kwa vumbi, na nilipomvua viatu alinishika kichwa akanizuia hapohapo magotini kwa muda mrefu. Mwanamume akikushika hivyo utamwuliza maswali?

Aliletwa na lori la serikali. Dereva alishusha mguu mzima wa nyuma wa ng'ombe uliofungwa kwa majani ya migomba, akacheka, "Mama, ipike sana hii. Mwenyewe alikufa akitembea kwa miguu mitatu." Bariki akamwambia, kwa ukali nisiouzoea, ashike njia yake.

Basi leo baada ya ibada nimefanya karamu! Mama mkwe amekuja, na Shomari na kodiani yake, na mkewe Tunu. Nilipika kwa ndizi, nikachoma nyingine, nikatandika kitambaa changu. Ilikuwa nyama ngumu lakini ina ladha, ile ladha ya ng'ombe wa nyumbani aliyelishwa kwa mkono. Nilikula kama sijawahi kula. Mama mkwe alinitilia tena na tena, "Kula mwanangu, uote nyama hapa na hapa." Bariki hakugusa. Alisema tumbo lake limechafuka kwa maji ya safari. Alikaa tu kunitazama nikila, na uso wake, sijui, nilifikiri ni mapenzi.

Shomari akaanza wimbo. Bariki alisema, "Leo hapana, fundi." Tunu akapiga kelele, "Ala! Mwenye wimbo anaukataa wimbo? Bibi harusi aseme!" Wakapiga meza kwa vijiko. Nami nilikuwa na furaha kiasi kwamba kinyaa changu chote kilikwisha. Nilisimama, nikafuta midomo kwa ncha ya kitambaa, nikamtazama mume wangu, nikasema kama siku ile ya shuleni, polepole:

"Nimeshiba, bwana wangu. Sina neno."

Walipiga makofi. Bariki alitoka nje. Nilimsikia nyuma ya jiko akitapika, na tumbo lake halikuwa na kitu.

Maji ya safari ni mabaya sana. Nimempikia uji.

Niandikie,
Ndeshi


Kaloleni
30 Novemba 1951

Paskalina,

Barua yako ya tarehe ishirini na moja imefika leo. Mtu wako wa Usa aliugua homa.

Nimesoma nimesimama. Nimekwenda uani nikaingiza vidole kooni, lakini ni siku nyingi, hakuna kinachorudi. Kimekwisha kuwa mimi. Nimesugua meno kwa majivu mpaka fizi zimetoka damu. Nimesugua sufuria. Mafuta yamebaki kwenye pambizo la kitambaa, palepale nilipofutia midomo, na hayatoki hata kwa maji ya moto.

Saa Sita nilimpa jina mimi. Alizaliwa nikiwa likizo.

Jioni Bariki alirudi. Nilimwuliza swali moja: "Ulijua?" Hakuuliza kujua nini.

Nakuja Kingori. Nitakuja na mwanamke mmoja wa hapa anayewapelekea ndugu zake wa huko unga. Mwambie Eliasi nakuja, wala usimwambie kitu kingine. Nitamwambia mimi.

Ndeshi


Kaloleni
9 Desemba 1951

Mke wangu Ndeshi,

Naandika nikijua hutaki kuona mwandiko wangu. Nihurumie, soma mpaka mwisho.

Nisingesoma mimi amri ile, angesoma mwingine, na wazee wasingeielewa, wangekaa ndani ya nyumba moto ukija. Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Niliisoma vizuri ili waielewe vizuri. Eliasi aliponiita shemeji, nilifikiri nikiitika sauti itakatika na sitaweza kumaliza. Kwa hiyo sikuitika. Sasa naisikia sauti yake ikiniita kila mahali.

Mguu nilipewa mbele ya mabwana. Nilipokea. Njia nzima nilifikiri kuutupa, lakini dereva alikuwa ananitazama, na kutupa nyama mbele ya mtu ni jambo gumu, Ndeshi, gumu kuliko unavyodhani. Nikasema nitakwambia nikifika. Nilipofika ulinivua viatu. Nikasema nitakwambia kabla hujapika. Ukaimba. Nikasema kabla hujapakua. Mama akakuwekea sahani. Kila mara neno lilifika hapa kooni, na kila mara ulikuwa na furaha zaidi.

Mimi nilidhani ni jambo hilo tu. Lakini juzi nilipita sokoni, wachuuzi wakaanza mluzi, mluzi wa wimbo wangu. Halafu mwanamke wa ndizi akafuta midomo yake kwa kanga, akaniambia, "Umeshiba, bwana karani? Huna neno?" Soko zima likacheka, si kicheko cha dansi. Bomani tarishi mmoja ananisalimu hivyo. Nikamwuliza Shomari imekuwaje watu wakaugeuza wimbo wetu kuwa tusi. Akasema, "Hatukuugeuza, Bariki. Mwalimu mmoja huko Kingori amewaambia watu mchezo ulivyokwisha. Kwani wewe hukujua ndani ya sahani mlikuwa na nini?" Amekataa kuupiga tena. Anasema kodiani yake inanuka.

Ndeshi, sikujua. Naapa kwa kaburi la baba yangu. Nilijua habari ya ng'ombe, lakini habari ya mchezo sikujua. Lori liliondoka. Tangu tuoane nimekuwa nikikuambia maneno yale baada ya kula, nawe unajua maana yake, unatabasamu. Kwa nini hukuniambia?

Nieleze sehemu ya mwisho. Malkia alifanya nini alipojua? Alimfanya nini yule mumewe? Niambie, hata kama ni kisu.

Wako,
Bariki


Kingori
14 Desemba 1951

Bariki,

Unauliza kwa nini sikukuambia. Neno lilikuwa hapa kooni, nawe ulikuwa na furaha. Naona tunafanana. Hilo nalo linanichefua, ila hilo halikuhusu, ni langu.

Nimemwambia Eliasi nilichokula. Nilimwambia mbele ya mkewe, nimepiga magoti kwenye vumbi. Kaka akauliza, "Alikuwa mtamu?" Nikasema, "Ndiyo, kaka." Akasema, "Nilimlisha vizuri." Akainuka akaenda kukata miti ya kibanda, na mimi nikaenda kushika ncha ya pili. Tangu siku hiyo ananiita Orsila. Paskalina amemfundisha. Nikiitwa hivyo naitika.

Watoto hapa wanauimba wimbo wako wakiwa na njaa. Wanapanga foleni ya unga wanapiga matumbo, "Nimeshiba, sina neno!" Mwanzoni niliziba masikio. Siku hizi nawasikiliza. Naona ndio wanaouimba sawasawa kuliko wote.

Sasa sehemu ya mwisho. Hakuna kisu, Bariki. Nyinyi mngekaa tu kidogo mngeona. Kapu linaletwa, kitambaa kinafunuliwa. Malkia anatazama kichwa cha ndugu yake. Halii, halaani. Analiweka kapu mezani, mahali pa mgeni. Anavuta kiti, anageuka kwa mfalme ambaye hajagusa chakula tangu mwanzo, anamwambia, "Kaa, bwana wangu. Sahani yako bado." Basi pazia linafungwa, yeye amesimama ameshika kiti, na mfalme bado amesimama mlangoni. Tulimwuliza mwalimu kama mfalme alikaa au alikimbia. Alisema mtunzi hakusema.

Nimekuwa nikilala nawaza jambo hilo. Nimekupenda mno, Bariki, kwa maneno mengi mno. Nilikupenda kama mtu anayekula kwa pupa, bila kutazama sahani. Sijui kama ninaweza kukupenda nikitazama. Nataka kujaribu, lakini siwezi kujaribu peke yangu.

Njoo Kingori. Usije na lori la serikali, panda lori la wachuuzi mpaka barabara kuu, ukaulize njia ya kambi yetu kwa Kimeru. Watakufahamu kwa sauti, acha wakufahamu. Usilete nyama wala zawadi yoyote.

Hapa tunakula ugali na majani ya kunde, kutoka sufuria moja. Kitambaa nimekuja nacho. Doa halikutoka, na sikufumua uzi. Kiti hatuna, lakini nimekuwekea jiwe kati yangu na Eliasi, na sahani nimeifunika.

Kaa ule. Ule mpaka mwisho. Ukimaliza, futa midomo, umtazame kaka yangu usoni, kisha utuambie kama huna neno.

Ndeshi